Fungua Mfuko wa Vitambaa Vyako

Mkulima wa pamba akitoka kupima kwenye AMCOS, anajua amepata kilo ngapi. Karatasi anayo mkononi. Mfugaji anawajua ng'ombe wake, na mmoja akikosekana jioni halali. Je, wewe unayedarizi vitambaa, unajua mwaka huu umemaliza vingapi? Unajua ni vingapi vimelipwa?

Wengi wanaodarizi hujibu hivi: "Nimeshona vingi." Vingi si hesabu. Kama unaweza kusoma mstari huu, unaweza pia kuandika hesabu yenyewe. Katika somo hili tutafungua mfuko, tutahesabu kazi za mwaka mzima, kisha tutapanga kazi za mwaka ujao. Chukua daftari na penseli. Kaa mahali penye mwanga.

Kudarizi ni kupamba kitambaa kwa sindano na uzi. Wengine husema kutia maua. Vijijini kwetu Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tunadarizi foronya, mashuka, vitambaa vya meza na vya makochi. Kazi hii si ya wanawake peke yao. Huko pwani, Zanzibar na Lamu, wapo wanaume wanaodarizi kofia za vito kwa mkono. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, na bei yake ni kubwa kuliko ya kofia iliyoshonwa kwa mashine. Kwa hiyo mume wako akishika sindano, usimcheke. Mpe kona moja ya kitambaa.

Kitambaa tunachotumia sana kujifunzia ni marekani. Jina hilo lina historia. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walileta kitambaa hicho Zanzibar kwa meli. Watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Jina limebaki, ijapokuwa siku hizi kitambaa chaweza kutoka nchi nyingine kabisa. Sasa fikiri jambo hili. Mkoa wa Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, unajulikana nchini kote kwa pamba. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje. Kisha sisi tunakwenda dukani kununua uzi uliotoka mbali. Kila fungu la uzi ni pesa iliyotoka shambani. Ndiyo sababu linastahili kuandikwa.

KUMWAGA MFUKO

Tandika mkeka. Mwaga kila kitu kilichomo mfukoni au kapuni. Usione haya, hata kama kuna kitambaa kilichokaa humo tangu masika yaliyopita.

Weka mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitambaa vilivyokwisha ambavyo bado unavyo. Fungu la pili ni vile ambavyo havijaisha. Fungu la tatu ni nyuzi zilizobaki. Halafu kumbuka vile ambavyo havimo tena mfukoni: ulivyouza, ulivyotoa zawadi, na ulivyokopesha. Hivyo navyo viandike. Mtu aliyekopa shuka lako hataandika kwa niaba yako.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja, mwanakisomo kama wewe. Amedarizi mwaka mzima. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe utaandika bei za duka lako na mnada wako. Ukurasa wa daftari lake unasomeka hivi:

Foronya, jozi 3. Kila jozi, kitambaa 4,500 na uzi 4,000. Jumla 8,500. Jozi 2 zimeuzwa kwa 15,000 kila moja. Jozi 1 nimempa wifi.

Vitambaa vidogo vya kochi, 6. Kila kimoja, kitambaa 1,000 na uzi 1,000. Jumla 2,000. Vyote vimeuzwa kwa 5,000 kila kimoja.

Shuka kubwa, 1. Kitambaa 18,000 na uzi 10,000. Jumla 28,000. Limeuzwa kwa 50,000. Amelipa 20,000. Bado 30,000.

Kitambaa kikubwa cha meza, 1. Kitambaa 9,000 na uzi 3,000. Jumla 12,000. Hakijaisha.

Sasa tujumlishe pamoja naye. Tuanze na pesa zilizotoka. Foronya, 8,500 mara 3, ni 25,500. Vitambaa vidogo, 2,000 mara 6, ni 12,000. Shuka ni 28,000. Kitambaa cha meza ni 12,000. Jumla ni shilingi 77,500.

Pesa zilizoingia ni hizi. Foronya 30,000. Vitambaa vidogo 30,000. Shuka 20,000. Jumla ni shilingi 80,000.

Toa 77,500 katika 80,000. Zinabaki shilingi 2,500.

Soma tena namba hiyo. Mwaka mzima wa kuinama na sindano umembakizia shilingi 2,500 mkononi. Na mama huyu si mvivu. Kazi yake ni safi na majirani wanaisifu. Ukimtazama usoni hutajua. Bila daftari naye asingejua. Angesema tu kwamba kudarizi hakulipi, kisha angeacha.

Lakini tazama vizuri. Pesa zake hazikupotea, zimelala. Shilingi 30,000 zimelala kwa mtu aliyechukua shuka. Shilingi 12,000 zimelala ndani ya mfuko, katika kitambaa cha meza ambacho hakijaisha. Lile shuka ambalo kila mtu alilisifu, mpaka leo limekula shilingi 8,000 za mwenye kulidarizi, kwa sababu alitoa 28,000 na akapokea 20,000 tu.

KUHESABU SAA

Kuna kitu kingine ambacho daftari lake halikuonyesha. Ni muda. Anayedarizi hutumia macho yake, mgongo wake na mchana wake. Hivyo havinunuliwi dukani, lakini vina thamani.

Si lazima uwe na saa ya mkononi. Kila ukikaa kudarizi, kadiria muda, kisha weka alama ya penseli katika daftari. Alama moja ni saa moja. Kitambaa kikiisha, hesabu alama.

Tuseme yule mama alipata hivi. Jozi ya foronya, saa 26. Kitambaa kidogo, saa 6. Shuka, saa 110.

Foronya humbakizia 15,000 kutoa 8,500, yaani 6,500. Gawanya kwa saa 26. Kila saa inampa shilingi 250.

Kitambaa kidogo humbakizia 5,000 kutoa 2,000, yaani 3,000. Gawanya kwa saa 6. Kila saa inampa shilingi 500.

Shuka, hata kama deni lote litalipwa, litambakizia 22,000. Gawanya kwa saa 110. Kila saa inampa shilingi 200.

Umeona? Kazi inayosifiwa sana ndiyo inayolipa kidogo. Kile kitambaa kidogo ambacho watu hukiona cha mchezo kinalipa mara mbili na nusu ya shuka.

Hapa baadhi ya wanakisomo huniuliza: je, niache kudarizi mashuka? Mimi husema hapana. Shuka la binti yako anayeolewa halipimwi kwa shilingi za saa. Nalo jambo la wifi aliyepewa foronya si hasara, ni undugu. Ila andika kazi hizo katika ukurasa wake. Juu ya ukurasa mmoja andika KAZI ZA NYUMBANI. Juu ya mwingine andika KAZI ZA SOKO. Ukizichanganya, utajidanganya pande zote mbili.

VITAMBAA AMBAVYO HAVIJAISHA

Rudi kwenye fungu la pili pale mkekani. Chukua kitambaa kimoja kimoja na ujiulize kwa nini hakikuisha. Mara nyingi utakuta sababu ni uzi. Rangi iliisha, ukaenda dukani, ukakuta nyekundu nyingine isiyofanana na ile ya kwanza. Viwandani uzi hupakwa rangi kwa mikupuo, na mikupuo miwili yaweza kutofautiana kidogo. Machoni mwa mnunuzi kidogo hicho ni kikubwa. Kwa hiyo, kabla ya kuanza ua la kwanza, nunua uzi wote wa rangi hiyo. Kama pesa hazitoshi, chagua mchoro mdogo zaidi.

Sababu nyingine ni mchoro kuwa mkubwa kupita muda ulio nao. Kitambaa cha meza chenye maua kila mahali kinavutia kwenye karatasi. Baada ya kona moja, kinachosha.

Kila kitambaa kiamulie jambo moja. Kimalizwe, au kipunguzwe, au kifumuliwe. Kitambaa kikubwa cha meza kilichodariziwa kona moja tu chaweza kukatwa kikawa vitambaa vinne vidogo. Kimoja tayari kina ua. Vitatu vinahitaji maua, kisha vyote vinapigwa pindo. Zile 12,000 zilizolala zinaanza kuamka. Hapo usinunue kitambaa kipya kwanza.

Na fungu la tatu, la nyuzi, lifunge vizuri. Kata kipande cha boksi, zungushia uzi wa rangi moja, andika juu yake rangi na umebaki kiasi gani. Fungu la uzi wa kudarizi kwa kawaida lina nyuzi ndogo 6 zilizoshikana. Kwa maua madogo tumia nyuzi 2 au 3 tu. Wapo wanaodarizi kwa zote 6 kila mahali, uzi wao huisha upesi na ua huvimba kama jipu. Kata uzi wenye urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, au zaidi kidogo. Uzi mrefu sana hujifunga na kuchakaa.

KALENDA YA SINDANO NA KALENDA YA SHAMBA

Sasa tupange mwaka ujao. Huku kwetu huwezi kupanga kudarizi bila kuangalia shamba. Jembe likianza, sindano hungoja.

Chora mistari katika daftari upate nafasi 12, moja kwa kila mwezi. Andika kwanza kazi za shamba. Pamba hupandwa mwezi wa 11 na wa 12, mvua zikianza. Mwezi wa 1 na wa 2 ni palizi, na mahindi, mtama na viazi navyo vinadai mikono. Kuanzia mwezi wa 5 ni kuvuna pamba, kuichambua na kuiuza. Baada ya mauzo, miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasibaki. Katika miezi ya kiangazi kuna kazi nyingine tena: kukata michembe na kuianika, kukarabati nyumba, na harusi.

Sasa angalia pesa za mnunuzi ziko wapi. Watu wana pesa baada ya kuuza pamba. Harusi nazo ni nyingi wakati huo. Basi vitambaa vya soko viwe tayari kabla ya mwezi wa 6. Ukianza shuka mwezi wa 6 kwa ajili ya harusi ya mwezi wa 7, bi harusi ataondoka na shuka lako halina mguu mmoja wa ua.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Mwezi wa 11 mpaka wa 2, usijipe kazi kubwa. Kaa na vitambaa vidogo tu, vya kushika siku mvua inapokuzuia kwenda shambani. Mwezi wa 3 na wa 4, palizi inapopungua, ongeza nguvu: malizia vilivyobaki, piga pindo, fua, piga pasi. Mwezi wa 5 wengi hawana mchana hata mmoja. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 ni kuuza na kudai madeni. Wakati huohuo, pesa ikiwa bado ipo, nunua uzi na kitambaa cha mwaka mzima. Mwezi wa 9 na wa 10, jua likiwa kali na shamba limetulia, hapo ndipo pa kazi kubwa ya nyumbani kama unayo, na pa vitambaa vya kuuza mwezi wa 12. Mwezi wa 1 shule hufunguliwa, na madaftari hayangoji pamba.

Kama kijiji chako kinapanda mapema au kuchelewa, badilisha. Kalenda ni yako.

Jambo moja la usalama. Siku uliyopulizia dawa ya wadudu kwenye pamba, au kufua nguo za aliyepulizia, usishike kitambaa cha kudarizi. Oga kwa sabuni na ubadilishe nguo. Foronya ni kitu ambacho mtoto hulalia uso wake. Na siku ya kuchuma pamba, mikono ikiwa imekwaruzwa na vikonyo vyake vikavu, paka mafuta kidogo, kisha uyafute vizuri kabla ya kushika sindano. Mikono yenye mikwaruzo hunasa uzi.

MPANGO WA MAMA YETU

Tumrudie yule mama wa mfano. Kwanza anadai 30,000 zake. Pili anakata kitambaa cha meza. Kisha anaandika mpango wa soko: vitambaa vidogo 12 na foronya jozi 2. Hakuna shuka la soko bila malipo ya mwanzo.

Vitambaa 12 vitahitaji shilingi 24,000, na vikiuzwa vyote vitaleta 60,000. Zinabaki 36,000. Foronya jozi 2 zitahitaji 17,000 na kuleta 30,000. Zinabaki 13,000. Jumla ya kinachobaki ni shilingi 49,000. Saa zake zitakuwa 72 na 52, yaani 124. Mwaka uliopita kazi zilizoisha peke yake zilimchukua saa 224.

Lakini je, kuna wanunuzi wa vitambaa 12? Swali hili lisirukwe. Nenda mnadani, nenda kwa jirani mwenye makochi, uliza. Makochi hutaka vitambaa vinavyofanana. Mtu hatanunua kimoja chekundu na kimoja cha bluu. Huenda ukauza seti ya 6 mara moja, kwa rangi ileile na ua lilelile. Kama wanunuzi ni wa vitambaa 6 tu, darizi 6.

Kuhusu deni, kuna njia ambayo naipenda kuliko kugombana. Mtu akiagiza shuka, mwonyeshe daftari. Mwambie: "Dada, kitambaa na uzi ni 28,000. Nipe hizo kwanza nikanunue. Zinazobaki utanipa ukija kulichukua." Akiona umeandika, hatakasirika. Akikataa kutoa 28,000 leo, hakuna kinachoonyesha kwamba atatoa 50,000 kesho. Akilipa, andika tarehe na kiasi, kisha mwombe aweke sahihi yake.

Wapo watakaotaka kufanya kazi hii kwa kikundi. Ni vizuri. Mnaweza kununua uzi kwa pamoja na kugawana. Zile pete mbili za mti zinazobana kitambaa, ambazo wengi huziita fremu, zaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kikundi kilichosajiliwa chaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza utaratibu. Ila mkopo hurudishwa. Kikundi ambacho hakijui kitambaa kimoja kinabakiza shilingi ngapi kisikope kwanza. Kiandike msimu mmoja.

KUDARIZI MANENO

Wanunuzi wengi hupenda kitambaa chenye neno, kama KARIBU. Hapa mwanakisomo ana faida kubwa. Lakini sisi wa Usukumani ulimi wetu mara nyingi huchanganya R na L. Tunasikia "kalibu", tunaandika "kalibu". Penseli hufutika. Uzi hufumuliwa, na kitambaa hubaki na matundu. Andika neno kwanza kwenye karatasi na umwonyeshe mwalimu wako au mwenzako.

Neno KARIBU lina herufi 6. Kunja kitambaa katikati, kunjua, utaona alama. Weka KAR upande wa kushoto na IBU upande wa kulia. I ni nyembamba, kwa hiyo sogeza neno zima kidogo kuelekea kulia, upime tena kwa vidole. Chora kwa penseli laini. Pita juu yake kwa mshono wa mnyororo, ambao huzunguka vizuri kwenye B na U.

Kabla ya hapo jaribu uzi. Lowesha kipande cha uzi mwekundu katika maji ya moto yenye sabuni, kisha kisugue kwenye kitambaa cheupe chakavu. Ukiona wekundu umebaki kwenye kitambaa, uzi huo usiutie kwenye foronya ya mtu.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KIPINDI KIJACHO

Andika katika daftari lako kila kitambaa ulichodarizi mwaka huu. Kwa kila kimoja andika: bei ya kitambaa, bei ya uzi, umekiuza kwa kiasi gani, umelipwa kiasi gani. Usipokumbuka bei ya zamani, andika bei ya dukani ya leo.

Jibu maswali haya pamoja na wenzako:

1. Pesa zako zimelala wapi, na ni kiasi gani?

2. Ni kitambaa kipi kilikupa shilingi nyingi kwa kila saa? Ni kipi kilikupa kidogo?

3. Mama mmoja ameagizwa foronya jozi 4 za harusi ya mwezi wa 8. Jozi moja huchukua saa 26. Katika mwezi wa 3 na wa 4 anapata saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Atamaliza kwa wiki ngapi?

4. Mwenye harusi hiyo anataka kulipa zote baada ya kuuza pamba. Mtamjibu nini?